Daftari la Madeni

Lilikuwa daftari la duka la mama, kule Bwaise:
Nakibuuka, sukari nusu kilo, hajalipa.
Kurasa zilizobaki nimewapa waimbaji wa opera.

Mlango wa nyuma wa ukumbi, usiku, Kampala.
Mvua yanidondokea shingoni,
kalamu kwapani, wino usigande.

Soprano katoka, rangi bado shavuni.
Saini yake mkunjo mmoja, uzi uliokatika.
Dakika kumi tu alikuwa maiti,
kafa kwa sumu, kwa Kiitaliano,
nami nikalia bila kuelewa hata neno.

Mwisho akapita Isingoma wa Hoima, na mwavuli wake.
"Saini yangu mimi?
Mimi nashika mkuki, bwana. Naimba maneno manne."
Nimeyahesabu, nikamwambia.
Lile la tatu ulilishusha chini
hadi kiti changu kikatetemeka.

Akaulaza mwavuli kwenye matope.
Akaandika majina yake yote matatu,
polepole, kama mtoto wa darasa la kwanza,
kisha akauliza: niweke na tarehe?

Wino umevuja ukurasa wa pili,
umeifunika sukari ya Nakibuuka.
Mama akiuliza,
nitasema amelipa.