Funguo za Usa

Saa kumi na moja alfajiri mbwa wa Usa River hawabweki:
wamezoea viatu.
Mmoja mmoja wananijia kibandani, mkaa haujashika bado,
wananikabidhi ufunguo. "Mama Anaeli, utampa mtoto akitoka shule."
Kisha hao, Arusha,
na mji unabaki nami.

Mji gani, hata hivyo?
Ukivuka daraja umeshaingia kwenye mahindi.
Juu migomba, mfereji, na Meru kajifunika hadi mabegani.
Chini nyumba za nailoni, waridi
linalopanda ndege kwenda Ulaya kabla hatujalinusa.
Katikati sisi: duka la dawa, saluni mbili,
vigingi vya viwanja palipokuwa na kahawa ya akina Akyoo.

Misumari kumi na minne, funguo kumi na nne.
Nazijua kwa uzito.
Huu wa uzi mwekundu ni wa Ndetaniswa, wa benki.
Huu mwembamba, wa kufuli la Kichina, sijui utamlinda nani.
Huu wa shaba ni wa Elisaria, karani,
aliyejenga akisema: kazi nitafanya mjini,
ila nitalala ninaposikia vyura.

Vyura hakuwasikia sana.
Alirudi saa tatu usiku, akaondoka kabla ya jogoo.
Mahindi yake aliyaona Jumapili,
kama mtu anayemwangalia mgonjwa wodini.

Juzi Jumatatu hakupita kuuchukua.
Wala Jumanne.
Alhamisi akapiga: amepata chumba Sakina, jirani na ofisi.
"Nauli imenimaliza, Mama. Na usingizi."
Nikasema sawa. Ningesema nini?

Jana mchana nikafungua.
Kalenda imekwama Machi. Chupa ya chai, majani chini.
Nyuma ya nyumba mahindi yamekauka yakisubiri,
yanakwaruzana, kama wageni wanaokohoa
ili mwenye nyumba atoke.

Nikavunja peke yangu, gunia moja na kidogo.
Gunia nimeliandika jina lake kwa mkaa.
Hicho kidogo ni cha kuku wangu; asibishe.

Ufunguo nikaurudisha msumarini.
Usiku vyura walipoanza nilimpigia.
Akasema haloo, haloo, Mama, kuna nini?
Sikujibu. Nikainyoosha simu kuelekea mtoni,
mkono ukaniuma,
mpaka salio likakata.