Hodi

Karakana ya Torgunn iko nyuma ya tanuri la mikate, Trondheim,
dirisha lake usawa wa buti za wapita njia.
Mezani kuna kipimo cha mionzi, kimepasuliwa kifua,
na ndani yake kichakataji,
punje ya mchanga iliyopelekwa shule.

Mwenye kipimo ni Laara, mfugaji wa kulungu wa kaskazini,
wa huko milimani Snåsa.
Alipiga simu Jumanne, upepo ukimnyang'anya maneno:
"Chombo chako kinasifia nyama mbaya.
Dume aliyeshiba uyoga vuli nzima kinampa cheti
sawa na ndama wa nyasi."
Akakata.

Maana mwaka themanini na sita mvua ilishuka na majivu ya kinu cha mbali,
ukoga wa miambani ukayanywa, uyoga ukayanywa,
na mlima hausahau upesi.
Mpaka leo, kabla ya kisu, kipimo hubandikwa pajani mwa mnyama
na kila chembe inayofyatuka nyamani
hubisha:
hodi.

Kichakataji kisikiapo huacha neno katikati,
hukunja ukurasa, hapa ndipo nilipofika,
huvua rejista zake na kuzipanga kwenye rundo,
pete, saa, miwani,
kisha huenda mlangoni kufanya kilichoagizwa.
Aliyeagiza ni Torgunn.

Usiku kucha alijaribu.
Chumvi kidogo mbele ya kihisi: hesabu sahihi.
Kibati cha majaribio, kikali: ikagota thelathini na tatu kwa sekunde.
Akakisogeza karibu. Thelathini na tatu.
Akakibandika kabisa. Thelathini na tatu.
Akalaumu waya. Akalaumu betri.
Akalaumu, kwa sauti, kiwanda cha kihisi na mama zao.

Saa tisa, harufu ya mkate wa kwanza ikipenya ukutani,
akauona mstari wa arobaini na moja.
Wake mwenyewe, wa Septemba,
aliouweka ili aone kazi inaendaje:
kila chembe ifikapo, andika kiooni chembe imefika,
herufi kwa herufi, kwa waya mwembamba wa polepole.

Kumbe pale mlangoni mtumishi anamkaribisha mgeni,
anamvutia kiti, anamuuliza habari za safari,
na huko nje wamefika kumi, wamefika mia.
Kibao cha mlangoni ni biti moja tu.
Biti moja hukumbuka kwamba kuna aliyebisha.
Haikumbuki wangapi.

Hapa ukarimu ni kosa.
Akaufuta mstari, akaandika adabu kavu:
shusha kibao, ongeza moja, rudi ulikotoka.
Maneno yatasemwa baadaye, na kitanzi kikuu, kikipata nafasi.
Nacho kikitaka kusoma hesabu,
iliyo pana kuliko kiganja chake,
kifunge mlango kwa pumzi moja, kisome nusu zote mbili, kifungue,
asije mgeni akaigeuza nusu ya pili.

Mistari minne.
Septemba yote ilikuwa imekalia kiti.

Ijumaa, zizini, nyuzi kumi na tisa chini ya sifuri,
Laara alimbandika dume yule kipimo.
Tarakimu zikapanda, zikapita mstari wa ruhusa,
zikaendelea kupanda.
Wa pili. Wa tatu.
Jua lilipoaga, saa nane na nusu mchana,
kumi na saba walikuwa na rangi nyekundu begani:
wa kurudi kulishwa majani safi, wiki sita,
na soko halisubiri.

Hakushukuru.
Alikitazama kipimo, akakifuta theluji kwa kidole gumba.
"Kilipokuwa kiziwi," alisema, "kilikuwa rafiki."

Kisha akafungua lango
na kulungu wakatoka mmoja mmoja,
vifundo vyao vikialika kwa kila hatua, kama kawaida yao,
tik, tik,
na Torgunn, bila kukusudia,
alikuwa akihesabu.