Maiti Haisemi

Nililipwa elfu kumi na tano na soda
niwe maiti siku moja, pale mawe yanapoingia ziwani
nyuma ya Capri Point.
Filamu ya mpelelezi, waliniambia. Si wa polisi,
wa kujitegemea, mwenye chumba cha kupanga Makoroboi
juu ya duka la vitenge: feni moja, madeni saba.

Mwongozaji alitaka giza.
Alikuja nalo kichwani kutoka Dar,
ukungu, manyunyu, taa inayofifia dirishani.
Mwanza ikampa jua.
Jua la saa nne, jua la saa sita, jua
linalometa juu ya maji kama bati jipya,
hata kivuli cha jiwe kikajikunyata chini ya jiwe.
Lutema, ndiye mpelelezi, alivishwa koti zito la mtumba
la Mlango Mmoja. Jasho lilimchuruzika hadi kwenye soksi,
na kila walipopumzika alikunja suruali
akatumbukiza miguu ziwani kama mtoto wa Igogo.

"Wewe lala tu. Usipumue."

Nikalala. Si kazi ngumu kama unavyodhani.
Jiwe la moto mgongoni,
gugumaji limenishika kifundo cha mguu,
inzi akatua mdomo wa chini,
akatulia, akanawa mikono
kama mgeni aliyeambiwa chakula ki karibu.
Sikumfukuza. Nilikuwa maiti.

Lutema akachuchumaa. Kivuli cha kofia yake
kikanifunika uso, nikamshukuru kimoyomoyo.
Akafungua daftari, akasema kwa ile sauti aliyofundishwa,
kana kwamba kameza changarawe:
"Nani alimwona mara ya mwisho?"

Mimi, nikasema.

"Kata! Kata! Jamani, maiti haisemi!"
Wakacheka wote, hadi kijana wa kushika mwavuli wa mwongozaji.
Nikaomba radhi. Nikasingizia usingizi.

Haukuwa usingizi.
Miaka sita, na swali lile hakuna aliyewahi kuniuliza.
Kaka yangu Bwire aliondoka Kirumba siku ya Alhamisi
na debe la mafuta ya taa, anakwenda Ukerewe.
Kituoni waliniuliza: ana deni? Anakunywa?
Ana mwanamke ng'ambo?
Wakanituma nikanunue karatasi ya kuandikia maelezo.
Nikanunua. Wakasema rudi Jumatatu.
Jumatatu ni nyingi sana ndani ya miaka sita.

Wakati wa wali niliona daftari la mpelelezi
limeachwa juu ya koti. Nikachungulia ushahidi.
*Sahani kumi na moja. Maji katoni mbili.
Sato wa Lutema asitiwe pilipili.*
Kurasa zilizobaki, tupu.
Kalamu ilikuwa humo humo.

Nikaandika: *Bwire Magoma. Shati la kijani,
kifungo cha tatu si cha kwake, nilikishona mimi.
Ndala: kushoto bluu, kulia nyeupe.
Alisema atarudi na machungwa.*
Nikalifunga, nikarudi jiweni kufa.

Ilionyeshwa Nyamanoro, ukutani, viti vya plastiki.
Nilijiona nimelala, mzuri kuliko nilivyodhani.
Jirani yangu, mdomo umejaa karanga,
akamnong'oneza mwenzake: "Huyo anapumua."
Halafu ofisini, feni inazunguka, Lutema
akafungua daftari kutafuta jina la mwuaji
na kamera ikainama begani mwake,
ikasoma naye.

Mwandiko wangu. Upana wa ukuta mzima.
*Kulia nyeupe.*
Sekunde moja, labda moja na nusu.

Akakunja uso, vizuri sana, kama mtu aliyeelewa.
Akavaa koti. Akatoka juani.

Mwuaji alikuwa mwenye hoteli.
Ukumbi mzima ulijua tangu mwanzo.