Jua la Nondo

Ukuta wa hapa haukubali msumari.
Nimepinda saba, nyundo imeniruka mara mbili,
na Bi Mkasi wa ghorofa ya juu akagonga sakafu kwa mchi:
"Kulikoni huko chini, mnavunja au mnajenga?"

Napamba, nikamjibu. Napamba nyumba.

Nyumba yenyewe vyumba viwili, Michenzani,
mwisho wa jumba refu lililolala kama treni isiyokwenda.
Wenzangu zege lao wamelivisha:
marumaru za maua, pazia za dhahabu zenye vishada,
dari ya plasta, taa za rangi ya sharubati.
Mimi nimekwangua.
Siku tatu, kijani, halafu krimu, halafu buluu ya skuli,
mpaka nikaufikia ujivu wake
na mafundo ya mbao zilizolishika lilipokuwa uji,
yamechapika pale kama dole gumba kwenye hati.

Wifi yangu Zamzam alipokuja
alivua viatu mlangoni, akatazama, akavivaa tena.
"Kumbe fundi bado hajamaliza."

Juu ya meza nimeweka kinara cha karanga za bolti,
bakuli la zege zito kuliko tunda lolote litakalotiwa ndani,
saa iliyotolewa gurudumu la cherehani,
inachelewa, lakini inachelewa kila siku sawasawa.
Na hili jua.

Baba yangu, Ussi Vuai, alikuwa fundi wa nondo.
Masazo ya kazi aliyatia katika pakacha,
jioni akayachomelea karakana ya Machano, Saateni,
kwa miwani ya kuazima.
Miale arubaini na moja, hakuna miwili iliyo sawa.
Pale chuma kilipochuruzika hakukisugua.
"Jasho la mtu halipigwi msasa," akasema.

Mama alitaka sanduku la njumu.
Akalitia jua uvunguni miaka thelathini
pamoja na makawa mabovu na kinu kilichopasuka.

Juzi kijana wa duka la vitu vya kale, Hurumzi,
alilipapasa kama daktari, akataja pesa.
Nikamuuliza: leo mmeona nini?
Akacheka: "Dada, ubaya ukizeeka unapata bei."
Nikamtilia chai. Jua sikumpa.

Basi nimeazima drili kwa Shaame wa umeme.
Vumbi jeupe, meno yanatetema,
kisha ukelele, na ncha ikakataa.
"Umegonga nondo," Shaame akasema. "Sogea."

Nilitia kidole tunduni.
Baridi.
Ghorofa hizi Baba alizifunga kwa waya na koleo
akiwa na miaka ishirini na mbili.
Sisemi ni mkono wake. Walikuwa wengi,
na waliobaki hawakumbuki nani alifunga wapi.
Lakini nilikawia kukitoa kidole,
Shaame akajitia kuzongazonga waya wa drili.

Tumesogea vidole vinne kushoto.
Jua limekwenda upande, si katikati ya ukuta
wala si juu ya kochi,
na lile tundu la mwanzo nimeliacha wazi.

Bi Mkasi ameshuka kuona kilichomkosesha usingizi wa mchana,
mchi bado mkononi.
Amesimama. Ameinamisha kichwa kulifuata jua lilivyoinama.
"Lina miba," akasema.
Akavuta kiti, akaketi.
"Lakini limekaa."