Kipengele cha Tisa

Mkataba ulikuja kurasa kumi na moja,
umebanwa kwa pini iliyoanza kutu.
Bwana Mlaki wa kampuni aliniagizia chai
mgahawani, jirani na Mnara wa Saa,
akailaza kalamu juu ya mstari wa saini
kama amwekeaye mgonjwa kijiko mdomoni.
"Ni fomu ya kawaida tu, mwalimu."
Kawaida ya nani, sikuuliza.
Miaka sita ya kuandika usiku, madaftari ya watoto yakisubiri,
ilikuwa imenizoesha kushukuru haraka.

Nikasema: nipe wiki.
Hilo tu ndilo la busara nililolifanya peke yangu.

Jumamosi nikapanda Uru kwa shangazi Ndeshukurwa,
aliyesimamia mizani ya kahawa ya chama cha msingi
misimu ishirini na mitatu,
na hajasoma riwaya maishani, hata yangu.
Akavaa miwani, akaanzia ukurasa wa mwisho.
"Wanachokuficha hukaa chini,
kama chenga kwenye gunia."

"Asilimia kumi. Ya nini?"
Ya mapato halisi, nikasoma.
"Halisi baada ya kukata nini?
Usafiri? Punguzo la duka? Hiyo chai uliyokunywa?
Sisi tuliuza kwa kilo, mwanangu,
si kwa kilo iliyobaki.
Andika: bei ya jalada."

Haki zote, lugha zote, milele.
Hapo akainuka, akanivuta hadi migombani.
"Mkungu huu nikimuuzia mtu
anakata, anabeba, anakwenda zake.
Shina linabaki na machipukizi yake.
Kihamba kinabaki.
Wachapishe Kiswahili, miaka saba.
Kitabu kikikosekana madukani mwaka mzima,
kirudi nyumbani."

Kuhusu mswada wangu wa pili,
ambao wangeuchukua wao, kwa masharti yale yale,
alicheka mpaka kikohozi kikamshika.
"Ndama hajazaliwa, kamba ishamzunguka shingo!"

Na mimi niliyedhani mizani ni ya mashairi.

Nilirudi mjini, nikatoa wino mwekundu wa kusahihishia.
Bwana Mlaki alisoma, akanyamaza,
akatoka nje kupiga simu Dar es Salaam
akiwa amenipa mgongo.
Siku kumi na tisa.
Usiku nilitunga barua za kuomba radhi,
asubuhi nikazichana kabla ya kengele.

Jibu: bei ya jalada, lakini asilimia nane.
Miaka kumi. Lugha moja.
Kipengele cha tisa hawakukifuta,
wamekigusa tu: mswada wa pili
lazima uanzie kwao.

Nikampigia shangazi, nikijua nitasaini,
nikitaka tu mtu aniambie hewala.
"Uanzie kwao wauone, au wauchukue?
Kuona si kununua. Wameandikaje?"

Nikafungua tena ukurasa wa saba,
simu nimeibana kwa bega,
kidole kikitembea chini ya maneno
taratibu,
kama mtoto wa darasa la kwanza.