Bandari B

Ile ya zamani niliijua kama kiganja changu:
miguu arobaini, nyeusi kama jongoo,
volti tano asubuhi, volti tano jioni,
ukiiamuru inatenda, haina maswali.
Miaka kumi na tisa nimeilehemu
kwenye meza hii ya Umoja, kati ya sufuria na redio za watu.

Kisha Mutheu wa duka la Luthuli akaniambia,
Mama Nanjala, hizo siku hizi tunauza kwa kilo,
akaweka kitu juu ya kioo cha kaunta.
Nikadhani ni kipande cha kucha.
Haina miguu. Ina vijino pembeni
vya kuonwa kwa miwani na subira.
Shilingi mia tatu hamsini. Nikachukua mbili,
maana najijua.

Ya kwanza niliiua Jumamosi.
Ilitaka volti tatu na kitu, nikaipa tano;
mazoea yana taabu.
Haikulia. Harufu tu,
kama nywele kwenye kitana cha moto.

Ya pili niliishika kama yai la mtu.
Nikaibandika ubaoni, kompyuta ikaitambua,
nikaandika mistari sita: taa iwake, taa izime.
Kimya.
Nikabadilisha taa. Kimya.
Nikabadilisha kebo, nikabadilisha kiti.
Bosibori wa mlango wa pili akaja kuomba chumvi,
akanikuta nikiitukana kwa Kibukusu,
akarudi bila chumvi.

Waraka wake una kurasa mia nane.
Usiku wa manane, kwenye maandishi ya chini, yale ya sisimizi:
kila bandari ina saa yake,
na saa zote huwa zimezimwa chipu inapoamka,
isije ikala umeme bure.
Bandari! Nasi hapa Nairobi
meli ya karibu iko safari ya usiku kucha.
Kumbe amri zangu zilifika. Zilikuwa zikibisha hodi
kwenye chumba ambacho saa ya ukutani imesimama.

Nikakaa kidogo.
Nikatazama mlango wa chumba cha Simiyu,
nilioufunga tangu Machi, balbu nikaitoa,
nikisema ni bili ya stima.

Mstari mmoja tu, juu ya ile sita:
washa saa, bandari B.
Taa nyekundu ikakonyeza.
Ikakonyeza tena,
kama mtu aliyejua muda wote.

Sikupiga vigelegele. Saa nane na robo
mabomba yakakohoa, maji ya Jumanne yakaingia,
nikajaza ndoo nikifuata mdundo wake, washa, zima, washa.
Nitaifundisha kupima tangi la paani
iwe inaniamsha yenyewe.

Jongoo mzee nimemweka kwenye kopo la vifungo. Hana kosa.
Na kesho nikipita kwa Mutheu
nitaulizia balbu pia,
hizi za kawaida, za chumbani.