Mkono Mmoja

Ule ukuta wa buluu niliuandika mimi.
Na ule wa ng'ambo, mwekundu, unaoutukana,
ni mimi pia.
Usimwambie mtu. Majengo ni padogo,
na hela ya Kiwelu bado sijamaliziwa.

Ilianza Juni, mlima umejitanda shuka,
Moshi nzima inapuliza viganja.
Kiwelu akaniita: "Kundaeli, njoo na brashi nene.
Nimeleta simu za Tembo.
Andika kitu kitakachouma."
Nikapanda ngazi:

*Ya jirani inahema, pumzi yake ya kuku;*
*saa sita imezima, Tembo yadumu usiku.*

Kabla rangi haijakauka
Mama Ndeshi alikuwa amevuka barabara,
mikono kiunoni, anasoma kwa sauti
kama anayesomewa mashtaka.
Yeye anauza Radi.
Hakuuliza nani kaandika. Aliuliza bei.

*Ndiyo, Tembo atembea, mkonga wake ni waya;*
*soketini abembea, ukimchomoa, haya!*

Niseme kweli: maneno si yangu.
Yangu ni herufi.
Maneno nayafuata Pasua kwa shangazi Mkunde,
aliyeachwa miaka thelathini iliyopita
na tangu siku hiyo hajawahi kupungukiwa kijembe.
Kila ubeti nusu kilo ya sukari.
Hajui betri ni nini kwa undani;
anauliza tu, "Inaahidi, halafu inaondoka?"
Nikisema ndiyo, anafumba macho, anatunga.

*Radi humulika mara, mara ya pili ni giza;*
*aipendaye ni bora kibiriti kuongeza.*

Bodaboda wakagawanyika, kijiwe kikawa viwili.
Dereva wa Tembo habebi abiria wa Radi
mpaka abembelezwe.
Watoto wakaziimba beti wakienda shule,
wakazigeuzia walimu wao.
Mchungaji naye, Jumapili, akagusia taa zilizokosa mafuta,
na nusu ya kanisa ikageuka kumtazama Mama Ndeshi.

Mimi kimya, na ndoo zangu mbili.
Aliyenikamata ni Nderingo, wa darasa la tatu.
Alisimama katikati ya barabara,
akatazama huku, akatazama kule.
"Fundi, R ya huku na R ya kule
zina mkia mmoja."
Nikamnunulia ndizi choma mbili.
Kesho yake akaja na dada yake.

Nami mfukoni nina kitochi
kilichofungwa mpira wa kiunoni,
namba tano imefutika, namba tisa ni ya kubahatisha.
Nakichaji Jumapili baada ya ibada,
Alhamisi bado kinaita.
Hakuna aliyewahi kunilipa nikiandikie ukuta.

Juzi umeme ulikatika tangu adhuhuri.
Nilipita saa mbili usiku kuchukua ngazi.
Mtaa mweusi, isipokuwa taa moja kwa Mama Ndeshi,
mwenye sola juu ya bati.
Kiwelu alikuwa mlangoni, simu kaificha kwapani
kama mtu aliyetumwa gongo.
"Asilimia ngapi?" akaulizwa.
"Mbili."
"Hata Tembo analala?"
"Na yako je?"
Mama Ndeshi hakujibu. Akasogeza kigoda,
akaonyesha kwa kidevu:
Radi nayo ilikuwa chali kwenye waya, inachaji.
Zikalazwa sambamba, soketi moja, kama mapacha wa homa,
na wao wakaketi kumenya karanga,
wakazungumzia ushuru, na goti la Kiwelu,
na mtoto wa Mama Ndeshi aliyeko Dodoma asiyepiga simu.

Nilikuwa bado nimeshika ngazi gizani
kitochi kikalia, kwa mlio ule wa jogoo.
Wote wawili wakainua vichwa.
Nikakibana tumboni, nikarudi nyuma hatua kumi,
mpaka kwenye mtaro.
"Kunda," alisema shangazi, anacheka peke yake,
"limenijia lingine. Hili litavunja nyumba."

Nikatazama ile taa.
Nikatafuta kalamu sikioni.
"Lisome," nikasema. "Polepole."